Mtutu wa Hii, Silinda ya Ile

Saa mbili kasoro robo asubuhi Achola, mpelelezi wa polisi, aliegesha gari la kazini karibu na kituo cha Hagsätra, kusini mwa Stockholm, pale njia ya kijani inapoishia. Treni ilikuwa imesimama na milango wazi, haina mtu ndani. Aliinamisha kichwa juu ya usukani na kusema maneno yale yale anayosema kila asubuhi kabla ya kazi: "Bwana, nionyeshe kilichoko mbele ya macho yangu." Kisha akachukua sanduku la ushahidi kutoka kiti cha nyuma akaufunga mlango.

Alikuwa na saa tano. Saa saba mchana mahakama ingeamua kama Sixte, mfanyakazi wa usafi mwenye miaka hamsini na minane, Mrundi mkazi wa Fittja, aendelee kushikiliwa kwa kumuua Mikael. Mikael alikuwa fundi wa silaha wa chama cha walenga shabaha wanaotumia bastola za kizamani za baruti nyeusi. Alikutwa Alhamisi iliyopita amelala sakafuni katika karakana ya chama, chini ya jengo la ghorofa.

Mambo manne yalimbana Sixte. Jirani alimwona akiingia karakanani kwa ufunguo wake, kama kila Alhamisi, saa tisa na dakika kumi alasiri, lakini simu yake ya kuomba msaada ilipigwa saa kumi kasoro dakika nane. Katika dakika hizo arobaini na mbili aliosha bastola iliyokuwa pale, akaipaka mafuta na kuiweka mezani. Jioni ile ile mwanamke aliyekuwa akitembeza mbwa alimwona amesimama peke yake ukingoni mwa ziwa kule Fittja. Na tangu akamatwe hakuwa amesema neno, ila jina lake na tarehe ya kuzaliwa.

La tano lilikuwa risasi yenyewe. Iliingia chini ya mbavu ikapanda kuelekea shingoni, na ilikuwa risasi ya ganda, iliyofungwa pamoja na baruti yake ndani ya kasha la shaba. Bastola ya mezani ilikuwa kuukuu, ya fataki, isiyoweza kupiga ganda. Chama kilikuwa na bastola nyingine, ya maganda, lakini ilikutwa ndani ya sefu, na maabara ilipoijaribu alama za mtutu wake hazikulingana na risasi ile. Kwa hiyo Kamishna Liam alisema ipo bastola ya tatu, na Sixte ameitupa ziwani. Wapiga mbizi walikata barafu siku mbili. Walipata baiskeli na kigari cha mtoto.

Mlangoni alimkuta Njuguna, katibu wa chama, dereva wa basi aliyekuja Stockholm kama mwanafunzi na kuzeekea hapo. Alikuwa amevaa jaketi la kazini na kofia ya sufu.

"Umechelewa dakika mbili, Madam. Ningekuwa na basi, ningekuwa nimekuacha."

"Ungekuwa na basi, ungekuwa bado hujafika."

Njuguna alicheka peke yake. Kicheko kilishuka ngazi mbele yao kikaishia gizani. Alibonyeza swichi, na taa ndefu za darini zikapepesa kabla ya kuwaka.

Karakana haikuwa na dirisha. Kulikuwa na meza ndefu ya mbao, jiliwa la kubania vyuma, safu ya tupa ukutani kuanzia kubwa hadi ndogo kama kidole cha mtoto, na viti viwili vya mbao, kimoja kimewekewa mto. Karibu na sinki kulikuwa na karai la plastiki, na ndani yake maji ya kijivu yaliyoanza kuganda sabuni pembeni. Yalinuka mayai viza.

"Hiyo ni baruti nyeusi," Njuguna alisema. "Ukishapiga, unaosha kwa maji ya moto na sabuni siku hiyo hiyo. Ukiilaza na baruti yake, asubuhi unaamka na kutu. Mikael alikuwa akisema ni dhambi."

"Alisema dhambi?"

"Yeye hakuwa mtu wa kanisa. Lakini kwa kutu alikuwa na dini."

Achola alivaa glavu, akafungua sanduku, akaweka bastola mbili mezani juu ya kitambaa cheupe. Zilifanana kama ndugu.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyeingia chamani leo," alisema. "Usiruke kitu."

Njuguna alivuta kiti kisicho na mto. "Hii ni babu. Ya karne ya kumi na tisa, ya Mikael mwenyewe. Unatia baruti kwa mbele, unashindilia risasi juu yake, halafu nyuma ya kila tundu kuna chuchu, unaivisha fataki, kikofia kidogo cha kulipuka. Nyundo inagonga fataki, moto unaingia. Babu hahitaji leseni, kwa sababu ni wa zamani na hali ganda. Huyu mwingine ni mjukuu. Ametengenezwa Italia miaka michache iliyopita, kwa mfano wa zile bastola za fataki zilizogeuzwa zamani zile kuwa za maganda. Unatia ganda kwa nyuma. Tazama nyundo yake."

Achola aliinama. Uso wa nyundo ya babu ulikuwa bapa, na mfuo mdogo katikati. Nyundo ya mjukuu ilikuwa na kisindano.

"Hicho kinapita kwenye tundu la bamba hili la nyuma, kinachoma kitako cha ganda," Njuguna alisema. "Huyu ana leseni, na analala sefuni kama waziri."

"Zinaweza kubadilishana nguo?"

Njuguna aliitazama safu ya tupa.

"Kwani nani amekutuma uniulize hivyo?"

"Hakuna. Nauliza."

"Skrubu, labda. Springi, labda. Mbao za kitako, ukibahatika. Silinda na nyundo, hapana. Babu alitengenezwa kwa mkono, mjukuu kwa mashine. Mtu wa kawaida atapiga tupa mpaka kucha ziishe, na bado silinda itazunguka nusu ikwame."

"Na Mikael?"

"Madam, mimi ni katibu tu. Naandika nani amelipa na nani hajalipa."

"Njuguna. Kuna mtu amefungiwa chumba kimoja tangu Ijumaa. Nakuuliza mara ya pili."

Njuguna alivua kofia akaikunja mapajani. "Mikael hakuwa mtu wa kawaida," alisema. "Alikuwa na tupa na majira ya baridi arobaini. Lakini sijawahi kuona. Naapa. Niliwahi kumsikia tu akisema babu angependa kuonja ganda."

Achola alimwinua babu kwenye mwanga. Alimgeuza polepole, kama anavyosoma mkataba, mstari kwa mstari. Nyuma ya uwazi wa silinda, juu ya chuma cheusi cha miaka mia na zaidi, kulikuwa na mstari wa mviringo uliong'aa, mwembamba kama uzi.

"Hiki kimetokana na nini?"

Njuguna alivaa miwani. "Hapo hapagusi kitu. Silinda ya fataki haifiki hapo."

"Lakini kitu kimegusa, na mara nyingi. Mvishe nguo za mjukuu."

"Sisi?"

"Wewe. Mimi nitapiga picha kila hatua."

Njuguna alifanya kazi bila mzaha. Aligonga kabari, akavuta mitutu, akaweka kila kipande mahali pake kwenye kitambaa. Alichukua bamba la nyuma la mjukuu akalisogeza kwa babu. Lilikaa juu ya ule mstari wa mviringo bila kuacha hata upana wa unywele. Silinda ilifuata, ikaingia kimya. Nyundo ikafuata. Alipoivuta kwa kidole gumba, silinda ilizunguka hatua moja ikafunga, tk, bila kukwama.

"Mungu wangu," alisema Njuguna.

"Kwa hiyo risasi ya ganda inaweza kupita kwenye mtutu wa babu."

"Inaweza."

"Nasi tulipima mtutu wa mjukuu peke yake, kwa sababu babu hawezi kupiga ganda." Achola aliandika mstari mmoja kwenye daftari lake na kuupigia mstari chini. "Bastola ya tatu haipo. Zilikuwa mbili, zikafanywa moja, kisha zikarudishwa kuwa mbili. Sasa nipe nyundo hiyo. Usiifute."

Alichukua kioo cha kukuzia. Mkia wa nyundo, pale kidole gumba kinaposhika, ulikuwa umechorwa mistari midogo ili usiteleze. Ncha yake ilikuwa imebonyea, mbonyeo mpya, mweupe. Katikati ya mistari kulikuwa na unga wa kijivu, kama wa saruji, ambao maji ya moto na sabuni hayakuuondoa wote.

Achola alipiga magoti. Sakafu ilikuwa ya saruji na baridi yake ilipenya suruali. Alitambaa kutoka mguu mmoja wa meza hadi mwingine, akimulika kwa tochi. Nusu hatua kutoka kwenye kiti chenye mto alikuta kishimo, kikubwa kama punje ya mahindi, kingo zake bado kali. Aliweka rula kando yake akapiga picha tatu.

"Ilianguka," alisema kutoka chini. "Ilianguka kwa mkia wa nyundo, mtutu ukiwa juu. Yeye alikuwa ameketi hapa. Ndiyo maana risasi ilipanda."

"Hapana. Subiri." Njuguna alitikisa kichwa. "Mikael hangeacha bastola iliyojazwa ikiwa na hatari ya kuanguka. Tazama ukutani."

Ukutani palikuwa na karatasi yenye sheria saba, kwa mwandiko wa mkono. Achola alizisoma zote. Ya tatu ilisema: Nyundo hulala juu ya kinundu, kamwe si juu ya tundu.

"Kinundu ni nini?"

Njuguna alimwonyesha silinda ya fataki. Katikati ya chuchu na chuchu palikuwa na kinundu kidogo cha chuma. "Mfuo wa nyundo unakaa hapa. Silinda haiwezi kuzunguka, nyundo haiwezi kugusa fataki. Ndiyo maana sisi wa fataki tunajaza matundu yote sita, na tunalala usingizi. Wale wa maganda wanajaza matano, nyundo wanailaza kwenye tundu tupu. Mikael alimfukuza mtu chamani kwa kusahau jambo hilo. Mbele ya watu. Yule jamaa alilia."

"Na silinda ya mjukuu ina vinundu?"

Njuguna aliigeuza silinda mkononi mwake. Ilikuwa laini nyuma kama sahani.

"Alijaza sita," Achola alisema polepole. "Akashusha nyundo katikati ya matundu mawili, kama alivyofanya miaka arobaini. Kisindano kikakaa pasipo na kitu cha kukishika. Silinda ikasogea kidogo, pengine alipoiweka mezani. Kisindano kikawa juu ya ganda."

"Mikono yake haikujua kwamba siku imebadilika," alisema Njuguna. Alikwenda kusimama mbele ya karai la maji akampa mgongo. "Nimeendesha basi miaka kumi na tisa. Hapa chini ndipo nilipokuwa naulizwa habari za mama yangu. Sasa ukiandika hayo, chama kitafungwa."

"Nitaandika nilichokiona."

"Najua. Ndiyo sababu nimekwambia mwenyewe habari ya vinundu."

Achola alimpigia Liam simu kutoka garini. Liam alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Maabara itahitaji siku tatu kupima mtutu wa zamani," alisema Liam. "Mwendesha mashtaka hataondoa maombi yake kwa sababu ya kishimo kwenye sakafu. Atasema Sixte ndiye aliyebadilisha vipande ili kuficha mauaji. Na kweli amebadilisha, siyo? Nahitaji Sixte aseme alichokikuta, naye hajui tulichopata. Maneno yake yakilingana na yako, nampigia mwendesha mashtaka. Yasipolingana, anarudi ndani."

"Sitamwonyesha picha kwanza."

"Hasa. Mwache aanze."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza iliyofungwa sakafuni na viti vinne. Saa ilikuwa tano na dakika arobaini. Sixte aliingia amevaa nguo za kijani za mahabusu, mabega yamelegea, mikono mikubwa imepauka kwa dawa za usafi. Kando yake aliketi wakili wake, Tiana, msichana mzaliwa wa Stockholm ambaye wazazi wake walitoka Morogoro. Alielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiswidi.

Achola aliwasha kinasa sauti, akataja majina na saa.

"Habari za asubuhi, mzee Sixte."

"Nzuri, mama."

Tiana aliinua macho. Lilikuwa neno la kwanza tangu Ijumaa.

"Wamekupa chakula?"

"Wamenipa. Viazi."

"Nimetoka karakana ya Hagsätra. Maji yako ya sabuni bado yamo kwenye karai."

Sixte alikunja uso. "Hawajayamwaga?"

"Hairuhusiwi. Ni ushahidi."

"Yatanuka pale. Watu watasema nilikuwa mchafu."

"Kwa nini uliosha bastola, mzee? Mtu amelala sakafuni, wewe unachemsha maji."

Mahali fulani nyuma ya ukuta mtu alikuwa akipiga mlango kwa kiganja, pigo moja, kisha pumziko refu, kisha pigo.

"Mteja wangu hana lazima ya kujibu," Tiana alisema kwa Kiswidi.

"Hana," Achola alikubali. "Mzee Sixte, nikuulize jambo dogo. Ulipofika, Bwana Mikael alikuwa wa moto au wa baridi?"

"Baridi." Sauti ilikuwa ndogo. "Nilimshika shingo. Baridi kama bomba."

"Na ulipomaliza usafi babu, ile bastola ya zamani, alikutwa safi kabisa, hana hata chembe ya baruti. Polisi wakasema hii haikupiga. Wakasema basi kuna nyingine. Wakasema ni mauaji. Ulilijua hilo?"

Sixte alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nyingine ipi?"

"Hiyo ndiyo wanayoitafuta ziwani."

"Ziwani? Mie sikutupa kitu ziwani!"

"Ulikwenda kufanya nini?"

"Kulia." Alisema kama anataja anwani. "Nyumba yangu kuta ni nyembamba. Jirani akisikia sauti anagonga. Pale kwenye maji hakuna wa kugonga."

Achola hakuandika. Alisubiri. Alikuwa amefundishwa kuhesabu mpaka thelathini kabla ya swali jingine. Yeye, badala ya kuhesabu, husema Baba Yetu moyoni, kwa sababu urefu ni ule ule. Alikuwa amefika kwenye mkate wa kila siku Sixte aliposema tena.

"Mama, nikisema, wataandika jina lake?"

"Wataandika."

"Wataandika kwamba alikosea?"

"Ndiyo, kama alikosea."

"Basi waniache hapa."

"Miaka mingapi? Kumi na minane? Kwa mtu aliyejiua kwa bahati mbaya?"

Tiana aligeuka ghafla kumtazama Achola, kisha mteja wake.

"Sijakuonyesha kitu," Achola alisema, "na sitakuonyesha mpaka useme. Lakini nataka uwaze hivi. Ulitaka kumlinda. Kwa kumlinda umeifanya ajali yake kuwa mauaji. Sasa hivi gazetini Mikael ni mtu aliyepigwa risasi na rafiki yake mwenyewe. Hilo ndilo jina unalomwachia."

Sixte aliweka viganja viwili mezani. Vidole vilianza kwenda vyenyewe, kidogo kidogo, kama vya mtu anayefungua kitu kisichoonekana.

"Voilà, basi," alisema mwishowe. "Nilimkuta kando ya kiti. Babu alikuwa chini, mkia wa nyundo umebonyea. Nikamfungua. Ndani nikakuta silinda ya mjukuu. Maganda sita: matano mazima, moja tupu. Nikajua. Alikuwa ananiambia kila Alhamisi, Sixte, usimwambie mtu, hiki ni kichaa changu cha uzee. Ile silinda haina ruhusa ndani ya babu. Nikafikiri: polisi wakimkuta na babu mwenye fataki, watasema mzee wa watu amepata ajali na bastola yake halali. Watamzika vizuri. Kwa hiyo nikabadilisha. Silinda ya mjukuu kwa mjukuu, nyundo kwa nyundo, sefuni. Maganda matano kwenye boksi lake. Lile tupu kwenye ndoo ya maganda yaliyotumika. Kila kitu mahali pake. Mie ni mtu wa usafi, mama. Na babu... Babu nilipaswa kumwacha mchafu. Kumtia hata fataki moja iliyopasuka. Niliwaza hilo usiku, hapa ndani. Lakini mikono ilikuwa imeshachemsha maji. Yeye ndiye alinifundisha. Usiache baruti ilale kwenye chuma."

Sasa Achola alifungua bahasha. Akapanga picha mezani: mstari wa mviringo, mkia wa nyundo, kishimo cha saruji. Sixte aliigusa ya tatu kwa ncha ya kidole.

"Hapo nilipiga deki," alisema. "Sikukiona."

Saa sita na nusu, Liam alimpigia mwendesha mashtaka. Saa saba kasoro dakika kumi, jibu lilirudi kwa barua pepe: kesi ya mauaji imesimamishwa hadi maabara imalize, Sixte aachiwe leo; kuhusu kuvuruga ushahidi, ataitwa. Tiana alisoma barua hiyo kwa Kiswidi, haraka, kisha akairudia polepole.

Kwenye kaunta ya kutokea, askari alimwaga vitu vya Sixte kutoka mfuko wa plastiki: mkanda, simu iliyokufa chaji, kadi ya treni, rozari, pete ya chuma yenye funguo mbili. Sixte alivaa mkanda kwanza.

"Mzee," Achola alisema, "ufunguo wa karakana nauomba. Pamefungwa mpaka uchunguzi uishe. Chama kikifungwa, sijui."

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

Sixte alianza kuuchomoa ufunguo kwenye pete. Pete ilikuwa ngumu na kucha zake zilikuwa fupi. Askari alimnyooshea mkono kumsaidia; akakataa kwa kichwa. Ilichukua muda. Ulipotoka aliufuta kwa upande wa shati, pande zote mbili, akauweka kwenye kiganja cha Achola.

Kisha akautazama ule mmoja uliobaki kwenye pete, wa nyumbani kwake, akautia mfukoni, akatoka kwenda kuuliza treni ya Fittja inapitia njia gani kutoka upande huu wa mji, kwa kuwa hakuwahi kufika hapo.